Mpiga picha wa maisha ya wanawake anakula nini? Jibu kwa msomaji wa Jambiani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Jambiani, Unguja. Riziki yangu ni picha za harusi upande wa akina mama, ambako wapiga picha wanaume hawaingii. Kwa miaka miwili sasa, maji yakitoka, huwa nashuka ufukweni na kamera kuwapiga picha wanawake wanaolima mwani, akiwamo mama yangu mkubwa. Rafiki alinionyesha picha za Mary Ellen Mark, mpiga picha wa Marekani aliyekaa na wanawake katika wodi ya wagonjwa wa akili na katika mtaa wa madanguro, na tangu siku hiyo natamani kazi yangu ifanane na yake. Lakini nyumbani wananiuliza nitakula nini. Naomba unieleze mwanamke yule aliishije kwa kazi hiyo, aliingiaje katika mahali pagumu kama hapo, na je, si vibaya kujipatia jina kwa shida za wanawake wenzetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wengi wakipata barua yenye maswali kama haya matatu hulikimbilia la mwisho, kwa kuwa ndilo linalompa mjibuji nafasi ya kuonekana mwenye hekima, na swali la nyumbani kwenu likabaki bila mwenyewe. Mimi nitaanza na la nyumbani kwenu. Nimefundisha upigaji picha kwa zaidi ya miaka ishirini, na vijana wenye jicho zuri niliowaona wakiiacha kazi hii hawakuiacha kwa kukosa kipaji. Waliiacha kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema pesa zake hutoka upande gani.

Mary Ellen Mark alifariki New York tarehe 25 Mei 2015 akiwa na umri wa miaka 75, na ameacha vitabu vya picha vinavyokaribia ishirini. Anayevitazama vimepangwa anaweza kudhani kwamba vitabu hivyo ndivyo vilivyokuwa shamba lake, kwamba alipanda picha akavuna fedha. Ukweli unakwenda kinyume: vitabu ndivyo alivyovinunua, na alivinunua kwa fedha alizozipata kwenye kazi nyingine kabisa. Kitabu cha picha ni kitu cha gharama kuchapa na wanunuzi wake ni wachache, na mara nyingi mpiga picha akishahesabu nauli, filamu na miezi aliyokaa kazini, hajarudisha hata nusu ya alichotumia.

Tuifuate njia yake tangu mwanzo, lakini tuifuate kwa kuuliza kila mara nani alilipa. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Philadelphia. Alisomea uchoraji na historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 1962, kisha akapata shahada ya pili ya uandishi wa habari wa picha katika chuo hicho hicho mwaka 1964. Mwaka uliofuata alikwenda Uturuki kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, na huko Trabzon alimpiga picha msichana mdogo aliyejisimamisha mbele ya kamera kwa madaha ya mwanamke mzima. Ukiitazama picha ile leo unaona kwamba kila kitu atakachokifanya baadaye kimeshakuwamo: msichana yuko katikati, anamtazama mpiga picha machoni, na hujui umcheke, umhurumie au umwogope. Safari ile ililipwa na ufadhili. Alipohamia New York katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 aliyapiga picha maandamano ya kupinga vita vya Vietnam na harakati za ukombozi wa wanawake, lakini kodi ya nyumba ilimtaka atafute kazi za magazeti, na kazi ambayo wengi wanaomsifu huisahau, nayo ni picha mnato kwenye utengenezaji wa filamu za sinema.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, nieleze kidogo. Filamu inapotengenezwa huajiriwa mpiga picha ambaye hana uhusiano wowote na kamera ya sinema. Yeye husimama pembeni akipiga picha za waigizaji wakiwa kazini, na picha zake ndizo hutumika kwenye magazeti na mabango ya kuitangaza filamu. Ni kazi ya kungoja sana, ya kunyamaza sana, na ya kulipwa vizuri. Mark aliifanya kwa miaka mingi, akiwa na waongozaji wakubwa kama Federico Fellini na Francis Ford Coppola. Wapo wapiga picha wanaoona aibu kuitaja kazi ya namna hiyo kwenye wasifu wao, kama vile unavyoona wewe aibu, nakisia, kusema kwamba unapiga picha za harusi. Sasa angalia ilimpeleka wapi.

Mwaka 1975 alikuwa kwenye kazi ya filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest, iliyopigwa ndani ya hospitali halisi ya wagonjwa wa akili ya jimbo la Oregon, mjini Salem. Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Dean Brooks, alikuwa mtu wa mikono wazi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliigiza kama daktari ndani ya filamu. Katika mizunguko ya kazi ile Mark akakutana na wanawake wa wodi ya 81, wodi ya wanawake iliyofungwa kwa kufuli. Filamu ilipokwisha wenzake waliondoka na yeye akaondoka, lakini alikuwa ameomba ruhusa ya kurudi. Mapema mwaka 1976 akarudi pamoja na mwandishi Karen Folger Jacobs, wakakaa hospitalini hapo siku 36, wakilala kwenye sehemu iliyopakana na wodi, wakiwa na wagonjwa asubuhi mpaka usiku. Kitabu kilitoka mwaka 1979.

Ukipata nafasi uzitazame picha zile polepole. Wapo wanawake bafuni, wapo vitandani, wapo wanaokumbatiana, yupo anayecheza dansi, na hakuna hata mmoja aliyegeuzwa kuwa kielelezo cha maradhi. Jicho la mgeni aliyekaa siku mbili lingetafuta kwanza mayowe na mikono iliyofungwa, kwa kuwa ndiyo mambo aliyoyatarajia kabla hajafika. Siku ya ishirini mtu huanza kuona mengine: nani anampenda nani, nani anajipamba na kwa nini, nani amechoka kuliko kuumwa. Hizo siku 36 hakuna gazeti lililozipanga. Zilitokana na mlango uliofunguliwa na kazi ya mshahara, na kwa sababu hiyo sikushauri hata kidogo uache harusi. Wewe tayari unaingia katika vyumba ambavyo mwanamume mwenye kamera ya gharama mara kumi ya yako hataingia maishani mwake. Umewaona wanawake wa pwani wakiwa wenyewe kwa wenyewe, wamevua mabuibui, wanacheka kwa sauti ambayo barazani haisikiki. Usizitumie picha hizo za ndani kwa jambo jingine lolote, maana uliaminiwa kwa ajili ya harusi tu. Lakini adabu uliyojifunza mle, ya kujua lini unyanyue kamera na lini uiteremshe, ndiyo itakayokubeba ufukweni.

Swali lako la pili, la aliingiaje, lina jibu fupi ambalo ni gumu kulitekeleza: alifukuzwa, akarudi. Barabara ya Falkland ilikuwa mtaa wa madanguro mjini Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai. Alianza kujaribu kupiga picha pale mwaka 1968, na kila alipokwenda alipokewa kwa matusi, akimwagiwa maji na kutupiwa takataka. Miaka kumi ikapita hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1978 alirudi akiwa ameamua kukaa, akawa anafika mtaani kila siku, anasimama, anatukanwa, anarudi kesho yake, mpaka baadhi ya wanawake wakaanza kumwonea udadisi, mmoja akamkaribisha chai, na hatimaye mama mwenye danguro mojawapo akawa rafiki yake. Alikaa karibu miezi mitatu. Kitabu kikatoka mwaka 1981, chote kwa picha za rangi, jambo lililowashangaza waliomzoea kwa nyeupe na nyeusi.

Watu husema alikuwa na moyo mgumu. Mimi naona zaidi ya hapo. Mwanamke anayekaa mtaani pamoja na wanawake wanaotazamwa na kila mpita njia, naye akakubali kutazamwa, kutukanwa na kuchekwa, amelipa sehemu ndogo ya kiingilio. Hajafanana nao, kwa kuwa yeye ana tiketi ya ndege mfukoni, lakini walau wao wamepata nafasi ya kumpima. Mpiga picha anayefika na gari la taasisi, akashuka na barua ya utambulisho kutoka kwa sheha, akapigiwa makofi ya kukaribishwa na kuondoka saa kumi jioni, hakuna aliyempima, na watu humpa sura ile wanayompa kila mgeni wa serikali.

Kwako hali ni tofauti na yake kwa jambo moja kubwa: wewe si mgeni Jambiani. Utadhani hilo ni nafuu tupu. Ni nafuu ya kuingia, lakini ina mtego wake, kwani mtoto wa nyumbani haoni kilicho mbele yake, na wanaomzunguka hawamwoni kuwa yuko kazini. Watakuita umshikie mtu kamba, utashika, na maji yatajaa hujapiga picha hata moja. Shika kamba, mwanangu. Ila panga siku. Maji ya bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na siku hizo bahari inapokupwa sana ndipo wanawake hushuka kwa wingi kufunga na kuvuna mwani. Zitenge siku za bamvua ziwe za kazi yako, usichukue harusi siku hizo kama unaweza, na waambie wazi akina mama kwamba leo umekuja na kamera kwa makusudi. Mtu anayeambiwa ana nafasi ya kukataa.

Sasa nirudi kwenye pesa, kwa kuwa sehemu ya pili ya maisha ya Mark ilibebwa na magazeti, na hapo ndipo njia yake na yako zinapoachana. Mwaka 1983 gazeti la Life lilimtuma Seattle pamoja na mwandishi Cheryl McCall kufanya habari ya watoto waliotoroka makwao wakaishi mitaani. Seattle ilichaguliwa makusudi, kwa sababu ilikuwa imetangazwa kuwa mji mzuri kuliko yote ya Marekani kwa kuishi, na wahariri walitaka kuonyesha kwamba kama watoto wamelala nje hapo, basi wamelala nje kila mahali. Huko alikutana na msichana wa miaka 13 aliyejulikana kwa jina la Tiny, aliyekuwa akijiuza. Habari ilitoka gazetini mwezi Julai. Mhariri kwa upande wake alikuwa amemaliza kazi, lakini Mark alimshawishi mumewe, Martin Bell, ambaye ni mtengeneza filamu, wakarudi Seattle kutengeneza filamu ya hali halisi iitwayo Streetwise, iliyotoka mwaka 1984 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ndipo ilipopatikana ile picha ambayo bila shaka rafiki yako alikuonyesha: Tiny amevaa gauni jeusi, kofia yenye shela usoni na glavu, kwa ajili ya Halloween, sikukuu ambayo watu huvaa mavazi ya kujigeuza, amejikumbatia, uso wake wa kitoto ukiwa mzito kama wa mjane.

Hakuishia hapo. Aliendelea kumtembelea na kumpiga picha msichana yule kwa zaidi ya miaka 30: akiwa mjamzito, akiwa ametumbukia kwenye dawa za kulevya, akiwa na watoto ambao mwishowe walifika kumi, akiwa mke wa mtu, akiwa amenenepa na kuchoka kwenye kochi lake mwenyewe. Kitabu cha mwisho juu yake kilichapishwa mwaka 2015, miezi michache baada ya Mark kufariki. Linganisha: gazeti lililipia wiki chache za mwanzo, miaka thelathini iliyofuata haikulipiwa na kazi ile moja, na riziki yake Mark aliipata kwenye picha za watu mashuhuri, matangazo ya biashara, picha mnato za sinema, na mafunzo aliyoyaendesha kwa miaka mingi huko Oaxaca, Mexico. Ukiniuliza taaluma yake ilikuwa nini hasa, nitakujibu kwamba ilikuwa kurudi. Kila picha yake unayoipenda ilipigwa kwenye safari ambayo mtu mwingine angeiona haina sababu tena.

Hilo la mtu mwingine kumlipia zile wiki chache za mwanzo, wewe usilitegemee sana. Magazeti yale yamepungua mno. Life lenyewe liliacha kutoka kila wiki tangu mwaka 1972, likafufuliwa kuwa la kila mwezi, kisha likafungwa tena mwaka 2000. Fedha za picha za hali halisi katika Afrika Mashariki leo hutoka zaidi kwa mashirika ya maendeleo, na kidogo kwenye ruzuku na tuzo. Tafuta ruzuku, ndiyo. Lipo kundi la Women Photograph, lililoanzishwa mwaka 2017 na mpiga picha Daniella Zalcman, ambalo hutoa ruzuku na huweka orodha ya wapiga picha wanawake ili wahariri wasipate kisingizio cha kusema hawawaoni. Na angalia waliotangulia karibu nasi: Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Nairobi, alitoka kwenye ajira ya ofisini, akafanya mfululizo wa picha za mwanamke mwenye ualbino katika mtaa wa Kibera, na mwaka 2016 kazi hiyo ikapata tuzo katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa. Mambo hayo yapo. Lakini huja mara moja baada ya muda mrefu, nayo hayalipi umeme wa mwezi huu. Umeme utalipwa na harusi.

Kwa hiyo jibu la nyumbani kwenu ni hili: nitakula harusi, na mwani nitaulisha mimi kwanza kabla haujanilisha. Fungua akaunti ya pili, hata kama ni ya kwenye simu. Kila harusi ikilipwa, fungu lisilobadilika liende huko, na hilo ndilo litakalonunua diski za kuhifadhia, kulipia kuchapa picha, na siku za bamvua ambazo hukuchukua kazi. Usinunue kamera mpya. Mark alikufa akiwa bado anapiga picha kwa mikanda ya filamu ya kusafisha, wakati dunia nzima ilikuwa imehamia kwenye dijitali, na sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba picha zake hazina ukali. Lenzi unayoitumia harusini inatosha.

Na kazi za mashirika? Zichukue, lakini soma karatasi kabla ya kutia saini. Nitakueleza kisa kimoja cha kwangu, ambacho sikisimulii kwa fahari. Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi na shirika ambalo sitalitaja, ya kupiga picha katika kliniki moja ya wajawazito huku bara. Mama mmoja alikubali kwa moyo mweupe, na mimi nikamwambia nilivyoambiwa, kwamba picha ni za ripoti ya kliniki. Mwaka haujaisha nikaiona sura yake kwenye bango kubwa kando ya barabara kuu, na juu yake maandishi kuhusu ugonjwa ambao hakuwa nao. Nilipoutoa mkataba niliokuwa nimeutia saini bila kuusoma nikakuta nimewapa haki zote, za matumizi yote, milele. Nilifunga safari kwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipikia, na wakati wa kuondoka ndipo jirani yake aliponieleza kwamba mumewe alikuwa amehama nyumba tangu bango lilipowekwa. Tangu hapo huwa nakata mstari huo kwa kalamu mbele ya anayeniajiri, naandika matumizi gani, kwa muda gani, na kwamba maelezo ya picha hayabadilishwi bila mimi kuulizwa. Kazi mbili tatu nimezikosa kwa sababu hiyo.

Kisa hicho kimeshatuingiza kwenye swali lako la tatu. Sitakuambia kwamba si vibaya. Uzito wake unategemea unachokifanya, na hata Mark, ninayempenda, hakutoka safi mbele ya swali hilo. Wanawake wa wodi ya 81 walikuwa wamefungiwa. Ridhaa ya mtu ambaye hawezi kutoka mlangoni ina kasoro hata akitabasamu. Katika picha za barabara ya Falkland wamo wasichana ambao kwa macho yoyote ni watoto, na nyuso zao zinaonekana. Alizipiga kwa upendo, na sina shaka na hilo, lakini ningekuwa mhariri leo nisingezichapa, na ningemkatalia mwanafunzi wangu akiniletea za namna hiyo. Kuhusu Tiny, Mark na mumewe waliwahi kutaka kumchukua aishi nao New York kwa sharti kwamba asome shule, naye akakataa. Wapo wanaosema wangemchukua bila sharti, na wapo wanaosema mpiga picha hakupaswa hata kufikiria jambo hilo. Mimi nimebaki katikati kwa miaka mingi na sijapata pa kutulia.

Ninachokijua kwa hakika zaidi ni malalamiko ya wanaopigwa picha wenyewe, pale wanapopata nafasi ya kusema. Mwaka 1936 Dorothea Lange, aliyekuwa akiifanyia kazi serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja na watoto wake katika kambi ya wavunaji mbogamboga huko Nipomo, California. Ikawa picha maarufu kuliko zote za miaka ile ya dhiki, uchumi wa Marekani ulipoanguka. Zaidi ya miaka arobaini baadaye mama yule, Florence Owens Thompson, alijitokeza akasema maneno yenye uchungu: hakuulizwa jina, aliahidiwa nakala na hakuletewa, na hakupata hata senti. Utaona kwamba malalamiko mawili kati ya hayo matatu yangeweza kumalizwa kwa kalamu na bahasha. Susan Meiselas, Mmarekani mwingine, alipowapiga picha wanawake waliokuwa wakivua nguo kwa malipo kwenye maonyesho ya vijijini huko New England, kati ya mwaka 1972 na 1975, aliwarekodi sauti pia, akarudi kiangazi baada ya kiangazi, na kitabu chake cha mwaka 1976 kina maneno yao wenyewe, pamoja na ya mameneja wao na hata wateja. Hilo halikufuta tofauti kati yake na wao, lakini msomaji hawezi kukitazama kitabu kile bila kuwasikia wakijibu.

Ufukweni kwenu tatizo lina sura yake ya pekee. Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamelima mwani wa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda huo wamekuwa pia sehemu ya mandhari ya hoteli: mtalii huamka, huona kanga za rangi kwenye maji ya kijani, hupiga picha, hurudi kunywa kahawa. Picha mia moja za namna hiyo hazisemi hata neno moja juu ya mgongo wa anayeinama kwa muda wa saa nne ndani ya chumvi. Hazisemi juu ya mizani ya mnunuzi, wala juu ya maji ya bahari yaliyozidi joto hadi mwani ule mnene wenye bei nzuri ukawa unaoza mashambani na akina mama wakabaki na ule wa bei ndogo. Ukinitumia picha ishirini zako na kumi kati yake zikawa za kanga na maji ya kijani, nitajua kwamba bado unaazima jicho la hotelini. Nioneshe mikono. Nioneshe gunia linavyobebwa, nani anahesabu pesa usiku, pesa zinakwenda kwenye ada ya nani, nani hakushuka leo na kwa nini. Nioneshe kikoba chao Ijumaa baada ya sala, na zogo la siku ambayo mmoja hakuleta hisa.

Wala usiwapige wote. Mark alikuwa na uwezo wa kuingia mahali penye watu mia akatoka na mmoja, na miaka thelathini baadaye bado tunamjua huyo mmoja kwa jina. Chagua wanawake wawili au watatu, wenye umri tofauti ikiwezekana, uwafuate miaka mitano. Mmoja awe anayeipenda kazi hiyo, kwa sababu wapo, na picha za wanawake wa kwetu zimejaa majonzi mpaka mtu hujiuliza kama huwa tunacheka. Kwa kila mmoja weka daftari: jina kamili kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, tarehe, amesema nini siku hiyo, na picha gani amekubali itoke nje ya kijiji na ipi amesema ibaki. Ridhaa ya leo si ya kesho. Muulize tena kila unapotaka kuipeleka picha mahali papya, hata kama ameshakuchoka na swali hilo.

Kuhusu mama yako mkubwa, ningekushauri uanze naye, ingawa ndiye atakayekuwa mgumu kuliko wote. Anakupenda, kwa hiyo hatakukatalia, na mtu asiyeweza kukukatalia ndiye unayepaswa kumsaidia akatae. Bamvua lijalo, kabla ya kushuka na kamera, nenda kwake na picha zake za miaka hii miwili zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, zote, hata zile ambazo wewe huzipendi. Zimwage mkekani, mpishe kidogo azitazame peke yake, kisha muulize zipi zake na zipi zako. Zile atakazozigeuza kifudifudi, andika tarehe nyuma yake na umwachie azihifadhi yeye mwenyewe.